Nani Ataibeba Nyumba Yako?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeirudia mara tatu. Umeniuliza kama ujenge kwa matofali ya kuchoma, ya saruji au kwa mbao, nawe ukaomba jibu la neno moja. Jibu hilo sina, kwa kuwa kabla ya swali lako lipo jingine ambalo watu wengi huliruka: ni kitu gani kitakachoubeba uzito wa nyumba hiyo kutoka paani hadi ardhini?

Njia kuu ni mbili. Katika ya kwanza, kuta zenyewe hulibeba paa na ghorofa. Katika ya pili, kazi hiyo hufanywa na nguzo na mihimili, iwe ya zege lenye nondo, ya chuma au ya mbao, na kuta hubaki kuwa pazia la kuzuia mvua, upepo na macho ya watu. Ukishalikata hilo, sehemu kubwa ya swali lako hujijibu, maana tofali linalojaza nafasi kati ya nguzo mbili halidaiwi nguvu inayodaiwa tofali lililobebeshwa ghorofa.

Hili nilijifunza kwa hasara. Wakati ule wewe ulikuwa ungali ukibebwa mgongoni, nami nilitaka sebule pana, basi nikamruhusu fundi aubomoe ukuta wa kati bila yeyote kati yetu kuuliza ulikuwa umebeba nini. Baada ya majuma machache mlango wa chumba cha juu ulianza kukwama, kisha zikatokea nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha. Tuliegemeza dari kwa magogo, tukapitisha mhimili wa chuma, na gharama yake ikaishinda ile ya sebule yote. Kwa hiyo, ukitazamia kwamba vyumba vitabadilika kadiri watoto wanavyoongezeka, nguzo na mihimili zitakupa uhuru huo. Lakini kwa nyumba isiyo na ghorofa, yenye vyumba vya kiasi, mimi ningechagua kuta za kubeba bila kusita: zege na nondo hupungua sana, na kosa la fundi huonekana mapema.

Ghorofa ni habari nyingine. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, hivyo sakafu ya juu yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 katika kila mita moja ya mraba kabla hujaweka hata kiti. Sakafu ya kawaida ya mbao haifiki kilo 100. Usidhani, hata hivyo, kwamba wepesi ni salama kila mahali. Udongo wa mfinyanzi ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka huinua nyumba nyepesi kwa urahisi kuliko nzito, na dawa yake ni kuchimba msingi hadi tabaka lisiloyumba, au kumwaga jamvi imara lenye nondo chini ya nyumba nzima.

Ukiamua kutumia zege, lielewe tabia yake. Huvumilia sana kukandamizwa, lakini likivutwa hupasuka. Ndiyo sababu nondo huwekwa upande unaovutwa, ambao katika mhimili uliolala juu ya nguzo mbili ni upande wa chini. Adui yake mkubwa ni maji yanayoongezwa ili lichoteke kwa wepesi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosheka na lita 25 hadi 30, ukihesabu pia unyevu uliomo mchangani, na yanayozidi hapo hukauka na kuacha vitundu vinavyolidhoofisha. Ajabu ni kwamba zege hilohilo likishashika huhitaji kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi, na nguvu yake hupimwa likitimiza siku 28. Vibarua watakuambia limekauka. Kukauka si kukomaa.

Kuhusu matofali, usiyadharau yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, ila nayo hutunzwa na unyevu kama zege kabla ya kujengewa. Yanataka msingi ulioinuka na paa lenye upenu mpana, basi. Mbao nazo ni nyepesi na hustahimili tetemeko vizuri kwa sababu hunepa; mchwa na unyevu ndio wa kuogopwa, hivyo nunua zilizotiwa dawa na usiziache ziguse udongo.

Sasa nakuomba mambo mawili kabla mtu yeyote hajachimba msingi. Chimba shimo la mita moja na nusu kwenye kiwanja, unieleze rangi ya udongo katika kila tabaka na kama kuna maji yanayochuruzika. Kisha nitumie nakala ya ramani, ukiwa umezipaka rangi nyekundu kuta zote ambazo fundi anasema zinabeba. Akishindwa kukuonyesha ni zipi, usimlipe malipo ya awali.

Wako akupendaye,
Mama