GTA si ya Wamarekani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya gemu ya Jumapili iliyopita nimeisomea kibandani kwangu, vijana wanne wakigombea pedi mbili za kuchezea. Mmeandika kwamba Grand Theft Auto (GTA), ule mchezo wa wezi wa magari, ni kazi ya Wamarekani. Kukosea huko nakuelewa: magari ni ya Kimarekani, matusi ya Kimarekani, na Rockstar wenyewe, kampuni inayoutoa, wana makao New York. Lakini walioibuni ni Waskoti wa mji wa Dundee, na hata Los Santos, ule mji wa kubuni wa toleo la San Andreas, ambao wateja wangu wanaujua kuliko Mwanza, ulichorwa Edinburgh, kulekule Uskoti.

Dundee uliishi kwa viwanda vya juti, navyo vikafa. Miaka ya 1980 kiwanda cha saa cha Timex kilikuwa kikiunganisha pale kompyuta ndogo za Sinclair, ZX81 kisha Spectrum. Wenyeji husimulia wakicheka kwamba si zote zilitokea mlango wa mbele. Vyovyote vile, zikaingia majumbani, na watoto wa mafundi wakaanza kuandika programu.

Kijana mmoja, David Jones, alikuwa mwanagenzi hapo Timex. Kazi ilipokwisha, kiinua mgongo chake akakinunulia kompyuta ya Amiga. (Mimi changu nilinunulia pikipiki. Tuyaache.) Wenzake, akina Mike Dailly, Russell Kay na Steve Hammond, aliwapata kwenye klabu ya kompyuta iliyokuwa ikikutana katika chuo cha ufundi cha Kingsway. Klabu hiyo ndiyo mliyoiruka, Mhariri, na bila hiyo sioni studio ingetoka wapi. Waliiita DMA Design, na mchezo wao wa kwanza, Menace, ulitoka 1988.

Kilichowatajirisha kilianza kama mzaha. Saa ya chakula cha mchana, Dailly alichora vijitu vidogo, kila kimoja nukta nane kwa nane, vikitembea kwa mstari kuelekea kifo. Kay alipoviona akasema hapo pana mchezo. Ukawa Lemmings. Ulipotoka Februari 1991, nakala 55,000 ziliuzwa siku ya kwanza.

GTA yenyewe ilianza 1995 kwa jina la Race'n'Chase: askari na wezi wakifukuzana kwa magari. Ilikuwa inachosha, nusura ifutwe. Ndipo hitilafu ikaingia kwenye programu, askari wakapagawa. Badala ya kumsimamisha mwizi wakawa wanambamiza tu. Waliokuwa wakiujaribu mchezo hawakutaka kuachia pedi, na hitilafu ikageuzwa kuwa mchezo wenyewe, uliotoka 1997. Naliona hilo kila jioni. Misheni, zile kazi unazopangiwa na mchezo, hakuna anayezifuata. Nyota, zile za kuonyesha askari wanavyokusaka, zikifika tano mchezaji anasimama, kiti kinaanguka, na aliyelipia zamu inayofuata anaomba askari wasimpate ili naye aone.

Baada ya hapo ni habari ya studio kuuzwa na kuuzwa tena: kampuni ya Gremlin iliinunua 1997, kampuni ya Infogrames wakainunua Gremlin, kisha Take-Two, wenye Rockstar, wakaichukua studio 1999. Ikahamia Edinburgh, na 2002 ikaitwa Rockstar North. Timex walikwisha kufunga kiwanda tangu 1993, baada ya mgomo mkali. Dundee wamebaki na sanamu za shaba za vile vijitu vya Lemmings, na Chuo Kikuu cha Abertay, kilichoanza kutoa shahada ya kutengeneza gemu 1997.

Naomba mchapishe masahihisho, na ikiwezekana yawe ukurasa uleule. Nitayakata niyabandike juu ya runinga, maana nimebishana na hawa vijana tangu asubuhi na wananiambia gazeti halikosei.

Mwenye kibanda cha gemu,
Mabatini, Mwanza