Mume wangu anataka kurudi kwa walewale waliomharibu kichwa, eti safari hii bure

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu hamjambo. Shida yangu ni kichwa cha mume wangu, na sisemi kwa mafumbo, nasema kichwa chenyewe, nywele. Najua kuna watakaocheka, chekeni tu ila mkimaliza mnishauri maana muda hautoshi.

Mimi nina saluni hapa Dar, nasuka, naweka dawa, nashonea wigi, miaka mingi sasa. Mume wangu yuko kwenye mambo ya klaringi bandarini. Ni mtu mzuri sina baya naye, ila uwaraza ulimuanza mapema kama baba yake na akawa anaumia nao kimyakimya. Mimi ulikuwa haunisumbui hata kidogo, nilishamwambia nyoa kipara maisha yaendelee, lakini kila binamu yake akija likizo kutoka Muscat, nywele za mbele zimejaa, roho inamuuma. Huyo binamu alipandikiza nywele Istanbul na kusema ukweli alitoka vizuri, hata mimi na jicho langu la saluni nilitafuta kasoro nikakosa. Basi mwaka jana mwanzoni mume wangu na yeye akaenda, ndege si ipo moja kwa moja toka hapa Dar, kifurushi kizima dola 2,600, hoteli humohumo, kupokelewa uwanja wa ndege humohumo, na shampuu ya kurudi nayo.

Sasa ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba binamu ana nywele za singa, mama yake Mwarabu wa hukohuko, na mume wangu ana kipilipili kama mimi. Mnaweza kuona ni jambo dogo, siyo dogo. Mzizi wa kipilipili haushuki wima, umejikunja ndani ya ngozi, kwa hiyo fundi aliyezoea singa akizamisha kile kichuma cha kutobolea anaukata mzizi katikati bila hata kujua, unatoka nusu, unapandwa nusu, halafu mnakaa mnasubiri uote nini. Wanaojua kazi kwa nywele kama zetu wanapinda mkono kufuata mzizi na wanaanza kwa kutoa chache za majaribio waone zinatokaje. Kwake hakuna aliyejaribu chochote, walianza asubuhi jioni wakamaliza.

Na daktari mwenyewe, yule ambaye picha yake imejaa kila tangazo, alikuja dakika chache akachora mstari kwenye paji la uso na kalamu akaondoka. Kazi nzima ikafanywa na vijana wa sare, vyumba vimepangana na kila chumba kuna mtu kalala kifudifudi. Karatasi inasema grafti 3,500, yaani vile vifungu vidogo vya mizizi ya nywele vinavyotolewa nyuma na kupandwa mbele. Nani alihesabu? Yeye alikuwa na ganzi uso chini.

Mwanzo zilivyodondoka tuliambiwa ni kawaida, na hilo ni kweli, zilizopandwa huwa zinadondoka wiki za mwanzo halafu zinaanza kuchomoza kwenye mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo yenyewe unayaona ukifika mwaka. Basi tukasubiri. Mwaka umepita na zaidi, kilichoota ndo hikihiki.

Nikimkalisha dirishani mchana hivi ndo ninavyoona. Mstari wa mbele uko chini mno na umenyooka pii kutoka upande huu hadi huu, hakuna binadamu anayezaliwa na mstari hivyo. Nywele zinatoka tatu nne kwenye tundu moja kama mswaki, halafu ngozi tupu, halafu tena mswaki. Kwa kawaida pale mbele kabisa nywele huota mojamoja, ndo maana kichwa cha kuzaliwa hakina ukingo mkali, angalieni vichwa vya watoto wenu mtaona. Na zake nyingine zinatazama sikio, nyingine zimesimama dede. Nyuma ndo balaa, kisogo kina madoadoa meupe upande mmoja kuliko mwingine, wamechota mpaka chini karibu na shingo ambako nywele zenyewe ni nyepesi na huwa zinaondoka na umri, na pale chini kuna uvimbe kama wawili mgumu unaowasha. Dada yake ana keloidi ya sikio toka alipotogwa utotoni, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kama kwao kuna makovu ya kuvimba. Siku hizi anavaa kofia mpaka ndani, majirani wanadhani ameshika dini, imamu kafurahi kweli.

Hayo yote ningeyameza. Kinacholeta barua hii ni meseji ya wiki iliyopita. Baada ya mume wangu kurusha picha za kichwa chake kwenye ukurasa wao, wakamfuata kwa upole wote, kaka tunasikitika, njoo tukufanyie marekebisho bure, grafti 2,500, hoteli juu yetu, wewe tiketi tu, ila zile picha uzifute kwanza na uthibitishe kabla ya mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo mtu anaimba bafuni! Picha keshafuta. Tiketi najua anaiangalia usiku akidhani nimelala.

Anti mimi si daktari ila nywele ndo kazi yangu, na nimesoma hili jambo mpaka macho yameuma. Nywele za kupandikiza hazitoki dukani, zinatoka kisogoni kwake mwenyewe na hazirudi kuota pale zilipotolewa. Madaktari wanasema kichwa cha kawaida kina kama grafti 5,000 hadi 6,000 hivi za kuchukuliwa maisha mazima bila kisogo kuonekana kimepukutika, na nywele kama zetu mara nyingi ni pungufu ya hapo kwa sababu zimeota kwa kuachana. Sasa mtu keshatolewa 3,500, nusu zimekatwa mizizi, wanataka 2,500 nyingine, watazitoa wapi? Na katika meseji zote hizo hakuna hata mmoja aliyeomba picha ya kisogo. Hicho ndo kilichoninyima usingizi. Mtu anakupangia idadi kabla hajaona kama ipo.

Yeye ana matumaini mengine eti zile mbaya za mbele zitadondoka zenyewe wakianza upya. Hazidondoki ng'o. Tangu 1959 Dokta Norman Orentreich wa New York alishaeleza kwamba nywele ikitolewa nyuma ikapandwa mbele inabaki na tabia ya kule ilikotoka, na ndo msingi wa upandikizaji wote hadi leo. Maana yake zikipandwa vibaya nazo zinakaa, wakati zake za asili nyuma ya ule mstari zinaendelea kurudi nyuma kama kawaida. Baada ya miaka atakuwa na uzio mbele na uwanja mtupu nyuma yake.

Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi hapahapa mjini, kasomea KCMC kule Moshi, akakiangalia kichwa kwa kile kidude cha lenzi na taa. Alitusaidia sana kwa kweli. Ule uvimbe akauchoma sindano akasema usiguswe na kisu mpaka utulie, akamkataza kunyolewa na wembe kisogoni. Akampa na vidonge vya finasteride vya kuzuia zilizobaki zisiendelee kuondoka, na mimi akanionya nikiwa na mimba nisishike kidonge kilichovunjika maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Akatuambia pia kitu ambacho nimeanza kuwaambia wateja wangu, kwamba kuna kina mama utosi umepukutika kwa ugonjwa unaoua mizizi kutoka ndani, ukipandikiza wakati ugonjwa bado uko hai unapanda kwenye moto, lazima kwanza utulizwe. Dada zangu mnaokuja na utosi unaowaka na kuuma mkitaka nifunike na wigi, nendeni mkaonwe kwanza, nitawasukia baadaye.

Daktari huyo wa ngozi hafanyi upandikizaji, ila alituelekeza namna ya kutafuta, nikapata daktari mmoja huko Ulaya ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kurekebisha yaliyoharibika. Tukaongea naye kwa video. Tofauti ilionekana hapohapo. Kabla ya kusema bei aliomba picha za kichwa kikiwa kimenyolewa kifupi, kikiwa kimelowa, mchana nje, mbele, juu, kisogo, pembeni zote, na akauliza makovu ya ukoo mzima. Akasema yeye mwenyewe ndo anatoboa na kufungua njia za kupandia, wasaidizi wanasaidia kupanga na kuhesabu, na kwa siku anaona mgonjwa mmoja. Akatupa namba yake ya usajili tuitafute wenyewe kwenye baraza la madaktari la nchi yake, nikaitafuta, ipo.

Mpango wake hauna utamu wa tangazo. Kwanza kuzing'oa mojamoja zile mafungu za mstari wa mbele, zile ambazo mizizi yake iko mizima zigawanywe zipandwe nyuma zaidi, na zitakazobaki ovyo ziuawe kwa leza. Halafu kungoja ngozi ipone. Halafu sehemu ndogo tu ya majaribio kuona kama kovu linavimba. Ndo baadaye, kama yote yametulia, mstari mpya uliopanda juu kidogo, wa nywele mojamoja zilizoyumba yumba kama za Mungu, na kisogo kuzibwa kidogo kwa nywele za ndevu maana ndevu anazo nzuri. Akasema kipilipili kina faida yake, nywele moja ikijikunja inafunika eneo kubwa kuliko singa, kwa hiyo hata zile 3,500 za kwanza hazikuhitajika zote. Mume wangu akamuuliza nitarudi kama nilivyokuwa? Akamjibu hapana, utakuwa mtu ambaye watu hawamuangalii mara mbili. Mimi nilimpenda kwa jibu lile, mume wangu akanuna siku nzima.

Kanuna kwa sababu ya bei pia. Jumla inakaribia mara nne ya ile ya kwanza, na hela pekee tuliyonayo ni ya bati, nyumba yetu Chanika imefika kwenye lenta. Kwa hiyo kwake hesabu ni rahisi, kule bure huku bati zote, mke wangu unataka nini? Nikimwambia bure ile itamaliza kisogo anasema nina wivu na nywele zake. Nywele gani jamani.

Na washauri hawakosekani. Kuna kijana anazungusha damu kwenye mashine, anamtoa damu mkononi inazungushwa halafu anarudishiwa ile ya juu kwa sindano kichwani, anadai itafufua zilizokufa. Mzizi uliokatwa katikati ukatupwa haufufuki jamani, huenda inasaidia nywele dhaifu zilizo hai, ila siyo hiyo. Mwingine anasema anyoe para achorwe nukta za wino zionekane kama nywele zimenyolewa, na hili silipuuzi, lingeficha madoa ya kisogo vizuri tu, ila mbele hata ukinyoa yale matundu bado yana vinundu na wino hauondoi kinundu. Mama mkwe yeye amesema baba yenu alikuwa na uwaraza na watu walimpisha njia, mwanaume na nywele wapi na wapi, na akafunga mjadala.

Halafu picha za kabla na baada, naomba niseme kama mtu wa saluni. Kabla, nywele zimelowa na taa iko juu ya kichwa. Baada, zimekaushwa, zimechambuliwa, taa iko mbele, na mara nyingine kuna unga wa kufunika ngozi. Hata mimi naweza kukutoa hivyo kwa nusu saa bila kukupanda unywele. Nikitaka kuamini naomba video, kichana kinapita polepole, nywele zimelowa, mtu wa kipilipili, na kisogo kionyeshwe. Ile kliniki tuliwaomba hiyo ya kisogo, wakatutumia emoji ya moyo. Na wasitutishe na vyeti vya ukutani, hata ISHRS ambacho ni chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii wana kampeni kabisa ya kuonya watu kwamba kuna sehemu kazi inafanywa na wasio madaktari nyuma ya jina la daktari.

Sasa naomba msaada wenu kwenye haya. Kuna yeyote aliyekubali marekebisho ya bure kwa walewale waliomharibu, na nani hasa alishika kile kichuma mara ya pili? Kuna mwenye nywele kama zetu aliyewahi kung'olewa za mbele, ngozi ilibakije? Na ninyi wanaume, maana mnajuana, mtu aliyeshikwa na neno bure mnamwambiaje akasikia? Nimefikiria kumuomba tu asubiri, uvimbe upone, ndevu zikue, hela ya bati isiguswe hadi mwakani, huku na huku tusiende, na kofia aendelee nayo. Lakini ofa ile inaisha mwisho wa mwezi, na anajua kuwa na mimi najua.

Anti nijibu mapema. Na wale wa kutuma namba za kliniki ili wapate kamisheni, nawajua mlivyo, namba yenu ya pili nitaiuliza swali moja tu, daktari anatoboa mwenyewe au anachora mstari anaondoka.

Mama Nywele, Dar es Salaam