Risala ya kikundi cha kisomo cha watu wazima kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi mlioongozana naye, mwalimu wetu, wanakisomo wenzangu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna cheo tumekiruka tunaomba radhi maana orodha tumeipata asubuhi hii hii.

Mheshimiwa, tunakushukuru sana kwa kukubali kuja na ratiba yako tunajua ilivyobana, na zaidi tunakushukuru kwa kufika kabla jua halijazama, hilo hatujalizoea.

Historia yetu ni fupi. Tulianza watu saba na chaki za kuazima, mwalimu alikuwa wa kujitolea na mpaka leo ni wa kujitolea, ila hilo sio la leo. Tukaanza a e i o u, tukaja ba be bi bo bu, tukavuka. Leo tunaadhimisha siku ya kisomo duniani, tarehe 8 Septemba, siku ambayo UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, iliitangaza mwaka 1966 na ikaanza kuadhimishwa 1967, yaani kuna wenzetu humu ndani siku hii imewakuta tayari wamezaliwa na bado ilichelewa kuwafikia.

Mafanikio ni mengi mno mheshimiwa. Tuna ubao wetu wenyewe. Tuna muhuri. Dole gumba tumelizika rasmi, kila mwanakikundi anaandika jina lake na wengine wana sahihi zenye mikia ambazo hata wenyewe hawawezi kuzirudia. Katibu anaandika muhtasari wa vikao na unasomeka. Kwa kifupi ujinga tumeufuta, isipokuwa hiki kipande kimoja kilichobaki ambacho ndicho kilichotufanya tukuite.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Mheshimiwa, sisi tunasoma lakini hatuelewi. Tunaomba usicheke. Kiswahili kinamhurumia mwanafunzi, ukishajua silabi zako unaweza kutamka neno lolote hata kama hujawahi kulisikia tangu uzaliwe, na hapo ndipo tulipojidanganya. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni: "Mdhamini atawajibika iwapo mkopaji atakiuka masharti ya mkataba." Tukasoma wote, mmoja mmoja, bila kukwama, tukapigiana makofi. Alafu akauliza, haya, mambo yakiharibika nani analipa? Darasa likagawanyika nusu kwa nusu, na mzee wetu mmoja akanyamaza kabisa maana karatasi ya namna hiyo alishaisaini zamani, akasoma kila herufi, akaamini anashuhudia tu kama shahidi wa harusi. Alilipa deni la mtu mwingine mpaka likaisha.

Mwalimu akatuambia hili jambo watu wameshalichambua, kwamba mwaka 1986 wataalamu wawili wa mambo ya kusoma, Gough na Tunmer, waliandika kuwa kuelewa maandishi ni kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Kuzidisha mheshimiwa, sio kujumlisha. Hata ukitamka kama mtangazaji wa redio, ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri.

Na tusieleweke kwamba hatuna maneno. Mtu mzima ana maneno mengi kuliko mtoto wa darasa la kwanza, tumelea, tumeuza, tumegombana, tumesuluhisha, yote kwa mdomo. Shida ni kwamba karatasi ina maneno yake. Nani nyumbani kwake anasema "kwa mujibu wa" au "ridhaa" au "batili"? Neno la namna hiyo unalipata kwa kusoma, na kusoma ndiko kunalitaka hilo neno kwanza, ndo unakuta mtu anakata tamaa anafunga kitabu. Kuna mtaalamu anaitwa Keith Stanovich aliliandikia hilo mwaka 1986 huo huo, akatumia yale maneno ya Biblia ya mwenye nacho kuongezewa, kwamba anayesoma anaokota maneno na maneno yanamrahisishia kusoma zaidi, na asiyesoma anazidi kubaki nyuma.

Alafu kulijua neno sio ndiyo au hapana. Chukua "kata". Wote tunaijua, tunakata kamba. Lakini kata rufaa je, kata shauri, kata tiketi, kata tamaa? Mwenzetu alisoma barua inayomwambia anaweza kukata rufaa, akaenda kuuliza hiyo rufaa inakatiwa wapi na inakatwa kwa nini, alipofika muda ulikuwa umepita. Hakuwa mjinga, neno lilikuwa na sura ya pili ambayo hajawahi kukutana nayo.

Watu wanatushauri tubahatishe maana kwa kuangalia maneno ya jirani. Ni ushauri mzuri kama majirani unawajua. Watafiti wawili, Hu na Nation, mwaka 2000 waliwapima watu waliokuwa wanajifunza Kiingereza, wakaona ili wengi wao waelewe hadithi bila msaada inabidi wajue maneno kama 98 katika kila 100. Kipimo kilikuwa cha lugha nyingine lakini sisi tulikielewa mara moja, kwenye ile sentensi moja ya mdhamini wengine tulikuwa tunakosa maneno manne.

Kwa hiyo tukasema basi tutumie kamusi. Mheshimiwa, kikundi hiki kina kamusi moja, tulipewa kama msaada, na inaishia herufi N. Nusu ya pili ilichanika kabla haijatufikia. Sisi ni wasomi kuanzia A mpaka N. Ile sentensi tuliitafuta yote: mdhamini tulimpata, kiuka tuliipata, mkataba upo. Wajibika haipo, sharti haipo. Yaani tulijua kuna mtu na kuna kosa, ila hatukujua anafanywa nini. Neno ahadi liko ukurasa wa mwanzo kabisa, zuri, halina hata doa. Tekeleza iko herufi T.

Tunalisema hili kwa heshima zote. Wewe ni mgeni rasmi wetu wa nne. Wa kwanza alisema vitabu vitafika ndani ya wiki mbili, msaidizi wake akachukua namba ya simu ya mwenyekiti, mwenyekiti akawa analala na simu kifuani. Wa pili alituletea kweli, boksi zima, tukapiga vigelegele, kufungua ni vitabu vya chekechea, picha ya mpira na chini yake neno "mpira". Mama zetu wenye wajukuu wakakaa kusoma mpira. Tulishukuru, tukawapelekea wajukuu. Wa tatu alisema nimelichukua, lipo kwenye mchakato, na kwa bahati mchakato iko herufi M kwa hiyo tuliiangalia, na tukajifunza kwamba kuna maana nyingine ambayo kamusi haijaiandika.

Ombi letu ni moja mheshimiwa, lina miguu miwili. Kwanza kamusi nzima, mpaka Z, angalau moja kwa kila watu wawili, maana kuitumia kwenyewe ni somo, ukikutana na "hawatawajibishwa" lazima ulivue nguo zote mpaka ufike kwenye mzizi ndo ujue utafute wapi, na ukishaujua mzizi mmoja unapata ukoo mzima, soma, msomaji, usomaji, somo, someka, someshwa, hiyo ndo njia ya mkato pekee tuliyonayo. Pili vitabu vya katikati. Tunacho cha ba be bi, na tunazo karatasi za mikataba na mahakama, katikati hakuna kitu. Tunataka vitabu vya habari za watu wazima, afya, kazi, sheria, ndoa, hata mapenzi tusionewe aibu, vilivyoandikwa kwa sentensi fupi na maneno magumu machache yanayorudi rudi kurasa nyingi mpaka yakae, sababu neno haliingii kwa kuonekana mara moja. Visiwe na picha ya mpira.

Mkeka, viti na rangi ya ukuta tulikuwa tumeviandika kwenye rasimu ya kwanza, tukavifuta wenyewe ili usije ukachagua chepesi.

Mwisho mheshimiwa, karatasi ya pili ya risala hii ina mistari miwili mitupu, mmoja wa tarehe na mmoja wa sahihi. Tumeandika sentensi moja tu juu yake na hakuna neno gumu ndani. Kalamu anayo mweka hazina, amekaa hapo kulia kwako.

Tunaomba kuwasilisha.