Salamu za shukrani kwa vijana waliomshusha baba yetu kutoka Ngozi

Familia yetu ya Uyole, Mbeya, pamoja na ndugu zetu wa Tukuyu na Kyela, tunapenda kutoa shukrani za dhati kwa wote mliosimama nasi tangu baba yetu, mwalimu mstaafu, alipoteleza na kuvunjika mguu akiteremka kutoka ukingo wa Ziwa Ngozi, lililo juu mlimani. Anaendelea vizuri. Mfupa wa muundi umewekewa chuma, ameanza kutembelea magongo, na sauti yake imerudi ileile ya darasani.

Shukrani za kwanza ni zenu, wanetu, mliomkuta pale njiani. Wanaoijua njia ile wanajua inavyokuwa mvua ikishanyesha: matope, mizizi, mteremko mkali katikati ya msitu, na ukungu ukitanda humwoni hata mwenzako aliyetangulia. Mlima una zaidi ya mita 2,600. Mzee aliyelowa jasho akilala chini kule juu, baridi inaweza kummaliza kabla ya jeraha.

Mjukuu aliyekuwa naye ametusimulia yote. Yeye alitaka kumwinua babu yake amkalishe, mkamzuia kwa upole. Binti mmoja akapiga magoti kichwani kwa baba, akakishika kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, huku akimwongelesha Kinyakyusa mpaka wenzake walipomaliza kumkagua shingo na mgongo. Kijana mwingine alikandamiza kitambaa juu ya jeraha na hakukiondoa ili kuchungulia. Damu ilipopenya aliongeza kingine juu yake. Mlimvua shati lililolowa, mkamvika sweta zenu kavu, mkatandika mabegi na makoti chini yake. Mguu mliufunga na fimbo zenu za kutembelea, mkaweka vitenge katikati zisimchome. Kisha mkawa mnarudia kubonyeza kucha za vidole vya mguu kuangalia kama damu inarudi, na vilipoanza kuwa vya baridi mkalegeza vifungo.

Lakini zaidi tunawashukuru kwa yale ambayo hamkuyafanya. Hamkumvuta mguu ili unyooke. Hamkumbeba mgongoni kwa haraka. Hamkumpaka chochote kwenye jeraha. Alipoomba chai mlimlowanisha midomo tu, mkamweleza kwamba huenda akahitaji kuingia chumba cha upasuaji, na kweli aliingia. Kutulia hivyo mbele ya mzee anayelia kwa maumivu, watu wazima wengi tungeshindwa, na sisi watoto wake tungekuwa wa kwanza.

Wawili wenu walitangulia chini kutafuta msaada. Waliobaki walitengeneza machela kwa mianzi miwili na makoti, wakamjaribisha mwenzao kwanza kabla ya kumlaza mzee, halafu wakapokezana hadi kijijini Isongole, chini ya mlima. Kile kikaratasi mlichoandika saa ya kuanguka, mapigo ya moyo na upumuaji wake, daktari alikisoma chote akakiweka kwenye faili. Alituambia mguu ulifika hospitali katika hali ya kuweza kutibika. Kwa aliyewafundisha huduma ya kwanza, popote alipo: kazi yako tumeiona.

Tunawashukuru pia wananchi wa Isongole waliopanda kuwapokea vijana, mwenye Noah aliyekataa hata hela ya mafuta, madaktari na wauguzi, waliochangia damu, majirani, ushirika wetu wa Moravian, na kina mama wa kikoba waliohakikisha mgonjwa hakosi uji kila asubuhi. Michango yenu ya matibabu imetosha. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Tunaomba kila aliyetoa chochote, hata sala, apokee shukrani hizi kama zake. Baba mwenyewe anasema kwa Kinyakyusa: ndaga fijo, yaani asanteni sana.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani Uyole Jumapili hii, mara baada ya ibada ya kanisani, na chakula kitakuwepo. Wanetu, tunaomba mje pamoja na wazazi wenu, maana nao tunataka kuwashika mkono. Makoti, sweta na vitenge vyenu vimefuliwa na kupigwa pasi, vipo sebuleni vinawasubiri. Fimbo moja baba ameomba abaki nayo, kama mwenyewe ataridhia.