Kuondolewa kwa makala moja hakujafuta sayansi ya oligoma

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya wiki iliyopita katika ukurasa wako wa afya, iliyodai kwamba maelezo yote kuhusu chanzo cha ugonjwa wa Alzheimer yalipikwa maabara. Mwandishi alianza na tukio la kweli: mwezi Juni 2024 jarida la Nature liliondoa makala ya mwaka 2006 ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kuhusu oligoma, yaani vikundi vidogo vya protini zilizoshikana, baada ya kubainika kwamba baadhi ya picha zake zilichezewa. Kutoka hapo akahitimisha kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, na hapo ndipo tunapoachana njia.

Protini nyingi mwilini ni minyororo ya asidi amino ambayo haifanyi kazi hadi ijikunje katika umbo lake. Umbo likiharibika, sehemu zisizopatana na maji, ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, hubaki wazi na kunasa minyororo mingine. Zikishikana chache, mbili hadi makumi kadhaa, tunapata oligoma, ambazo bado huelea katika majimaji ya ubongo. Zikijipanga kwa wingi zaidi huwa nyuzi, na nyuzi zikirundikana hutokea yale mabonge ambayo Alois Alzheimer aliyaeleza mwaka 1906 baada ya kuchunguza kwa hadubini ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter. Kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa mabonge kwa kuwa ndiyo yaliyoonekana, ingawa wapo wazee waliofariki wakiwa na akili timamu huku mabonge hayo yametapakaa katika ubongo wao.

Makala iliyoondolewa ilihusu oligoma moja tu ya amiloidi beta (protini inayojenga mabonge hayo), iliyopewa jina Aβ*56, na maabara nyingine zilishindwa kuiona hata kabla kashfa haijafumuka mwaka 2022. Lakini hoja kwamba oligoma ni sumu kwa seli za neva ilikwishatolewa mwaka 1998 na kundi la William Klein wa Chuo Kikuu cha Northwestern, yaani miaka minane kabla ya makala hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa kundi la Dennis Selkoe walichukua ubongo wa watu waliofariki kwa Alzheimer na kutenga kilichoyeyuka na kisichoyeyuka. Oligoma za molekuli mbilimbili zilizotoka katika sehemu iliyoyeyuka zilidhoofisha mawasiliano kati ya seli za neva na kuvuruga kumbukumbu za panya. Viini vya mabonge vilivyosafishwa havikudhoofisha mawasiliano hayo, hadi vilipoyeyushwa kwa kemikali na kuachia molekuli zilezile mbilimbili. Jaribio hilo halikuegemea picha hata moja ya Minnesota.

Upo pia ushahidi kutoka Sweden, ambao mimi binafsi nauona mzito kuliko wa panya. Katika ukoo mmoja wa huko lilipatikana badiliko la jeni, lililotangazwa mwaka 2001, ambalo badala ya kuongeza kiasi cha amiloidi beta huifanya ikimbilie kushikana katika vijiuzi vifupi vinavyoyeyuka, na wenye badiliko hilo hupata Alzheimer mapema. Kutokana na ugunduzi huo ilibuniwa kingamwili ya lecanemab, inayolenga vijiuzi hivyo.

Sitaki nieleweke kwamba dawa hiyo ni muujiza. Katika jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27, lakini tofauti halisi ilikuwa alama 0.45 katika kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa kujimudu chenye alama 18, na asilimia 12.6 ya waliotibiwa walivimba ubongo, wengi wao bila dalili. Isitoshe, katika jaribio hilo ilidungwa kwenye mshipa kila baada ya wiki mbili, na huhitaji picha za MRI za mara kwa mara. Mtu anaweza kutilia shaka thamani ya matibabu ya namna hiyo bila kusema ugonjwa wenyewe ulibuniwa.

Kilichonisukuma kuandika hasa ni sentensi ya mwisho ya makala yenu, iliyowaambia wasomaji kwamba hakuna haja ya kumpeleka kliniki mzee anayesahau. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Tena si kila usahaulifu ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vya kutosha, sonona na baadhi ya dawa za usingizi huleta dalili zinazofanana nao, na hizo zinatibika katika hospitali zetu za mikoa. Ninaomba sentensi hiyo isahihishwe katika ukurasa uleule ilipochapishwa.

Mwalimu wa baiokemia,
Morogoro