Kwa mdogo wangu anayeshona pedi

Mdogo wangu,

Zile pedi za kufua ulizonitumia zimefika. Nimezigeuzageuza zote: flaneli laini juu, taulo katikati, chini kitambaa kisichopitisha maji. Mshono umetulia, hongera. Unasema ukipata cherehani nne utamaliza kabisa tatizo la wasichana wilayani kukosa masomo wakiwa hedhini. Hapo kwenye kumaliza ndipo nataka tuongee.

Ujasiriamali wa kuisaidia jamii naupenda kwa dhati. Kule India, Arunachalam Muruganantham alibuni mashine rahisi ya kutengeneza pedi, akaviuzia vikundi vya wanawake badala ya kujijengea kiwanda chake peke yake. Pedi zikawa za bei nafuu, na kina mama wakapata kipato.

Lakini nilipokuwa nafundisha, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa na pedi kama zako, kapewa bure. Choo cha shule hakikuwa na maji wala komeo. Nyumbani alizianika ndani, chini ya kanga, kaka zake wasizione. Asubuhi anavaa bado mbichi. Mwisho siku zile akawa haji kabisa, na pedi anazo.

Halafu kuna bei. Anayezihitaji kuliko wote ndiye asiye na hela. Ukipandisha ili mshonaji alipwe, umempoteza. Ukigawa, unamtegemea mfadhili, naye akiondoka cherehani zinafunikwa. Hata kuondoa kodi peke yake hakukutosha: mwaka 2018 serikali yetu ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo za kike, 2019 ikairudisha, ikisema bei madukani haikushuka. Wakenya mwaka 2017 waliiandika kwenye sheria ya elimu kwamba mwanafunzi wa kike apewe pedi bure na serikali. Utekelezaji umesuasua, ila angalau mzazi anajua wa kumdai.

Kwa hiyo shona, mdogo wangu. Wauzie wanaoweza kulipa, ili washonaji wako wapate kula. Ila usimwahidi mkuu wa shule yeyote kwamba pedi zako zitaziba pengo la bomba lisilotoa maji.

Cherehani ya pili nitanunua mimi. Ukienda halmashauri kuulizia mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, pita pia idara ya elimu, uliza shule zipi hazina maji chooni. Niandikie orodha yake, diwani wetu namfahamu.

Dada yako