Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi wa kuku wanne mtuandikie basi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnabana maneno lakini hili nimekaa nalo toka mwezi wa sita. Mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, gazeti lenu nalisoma hasa kurasa za kilimo na mifugo, na kila mkiandika habari za kuku mnaanzia kuku mia tano. Mia tano! Mtaji, mashine ya kutotolesha, soko, faida ya mwezi, mtu akifika mwisho wa makala anajiona kashanunua gari. Sasa sisi wa kuku wanne tusome wapi? Maana huku kwetu wengi ndo tulivyo, una kuku watatu wanne wa mayai ya watoto na wa kumchinjia mgeni akikuvamia, na hakuna aliyetufundisha, tunajifunza kwa kupoteza.

Mi nilipoteza siku ya kwanza kabisa. Nilinunua mitetea watatu kwa kijana mmoja anayeshusha kuku kutoka Newala, wamekuja kwenye tenga juu ya gari, miguu imefungwa, midomo wazi kwa joto, nikawaonea huruma. Kufika nyumbani nikawafungua palepale uani, nikamwaga pumba, nikaweka maji, nikasema haya karibuni. Pumba waliigusa? Wapi. Walisimama shingo juu kama watu waliopotea stendi, afu mtoto wa jirani akapita anakimbiza tairi, basi mmoja akaruka ukuta na wenzie nyuma yake. Mpaka usiku tunazunguka na tochi za simu mtaa mzima tunaita kukukuku, mmoja tumemtoa juu ya mwembe, mwingine kwenye gofu la nyumba ya mawe huku chini karibu na bahari, wa tatu mpaka leo. Na mimi kwa ujinga wangu kesho yake nikamwambia jirani kwamba jana usiku kwake kulinukia mchuzi. Wiki tatu hatusalimiani, Mhariri, na huyo jirani ndo nachota maji kwake.

Nikampigia simu bibi yangu yupo Lindi nimlilie, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia we mjukuu wangu, umri wote huo hujawahi kusikia kuku mgeni hakosi kamba mguuni? Nikamwambia bibi nimesikia sana ila mi nilijua ni fumbo, wanasemwa watu. Akasema na kuku je, nani kakwambia wao hawamo?

Basi ndo nikaanza upya. Hao wawili waliobaki nikawapa wiki na ushee ndani ya banda bila kutoka, mchana na usiku. Banda lenyewe si la kutisha, la mbao za mnazi, lina miguu inafika magotini, juu makuti, ndani nimepitisha fito mbili za kulalia maana kuku hapendi kulala chini. Ila wavu kuweni makini, wa kwanza nilioweka ulikuwa wa matundu makubwa, seremala akaniambia huu kicheche anaingiza mkono anamvuta kuku kipande kipande, nikaubadilisha. Wazo lote la kuwafungia ni kwamba kuku kichwani mwake kwao ni pale alipolala na kuamka siku nyingi mfululizo, hana anwani nyingine. Ukimfungulia kabla hajalala vya kutosha hana pa kurudi, hata akitaka.

Kama huna banda ndo hiyo kamba ya bibi, lakini jamani sio kamba ya nailoni, nimeona kuku wa watu mguu umevimba kama muhogo kwa sababu ya nailoni. Mi vipande vya kanga ninavyo vingi kwa kazi yangu, unachana upana wa vidole viwili, unafunga kwa kulegeza kidole chako kidogo kipite, unamweka kivulini na maji yanafikika, na usimwache afunge safari kuzunguka mti mpaka kamba iishe.

Siku ya kwanza na ya pili hawali vizuri, usiingiwe na presha. Usiku wakishalala nenda taratibu kawashike, kuku gizani haoni vizuri anakuwa mpole kabisa, papasa kifuani kwenye gole. Likiwa limejaa jioni na asubuhi limeisha ujue mgeni wako anakula, anakuonea aibu tu mchana. Na mayai pia usidai haraka. Mwekundu wangu niliyemnunua baadae, muuzaji kaapa anataga kila siku, alikaa kwangu zaidi ya wiki tatu hata yai la kuonyesha, nikamtukana muuzaji moyoni. Kumbe kuku akihamishwa anaweza kukata kutaga mpaka atulie.

Sasa kuwazoesha. Hapa ndo nataka watu wanisikilize maana nimekosea kila namna. Nilikuwa naenda bandani nasimama mbele yao, nainama na mkono wenye mtama, wanajigonga kwenye wavu mpaka manyoya yanatoka. Nikaja kugundua kwa bahati tu, siku hiyo nakuna nazi nimekaa kwenye mbuzi karibu na banda kwa sababu jikoni joto, nakuna zangu, nawaza mambo ya nguo ya mtu ya harusi, nikageuka nikawakuta wote wawili wamesimama kwenye wavu wananiangalia. Kumbe nilikuwa nimekaa chini! Kwa kuku hatari inatokea juu, mwewe anatoka juu, mkono unaoshuka toka juu na mwewe kwake ni ndugu. Toka siku hiyo nikawa kila saa kumi na moja nakaa kwenye mbuzi, nakuna, natupa machicha kidogo kwenye wavu. Kidogo tu, sio chakula hicho, na yaliyochacha usitupe. Siku ya nne nikaingiza mkono kwa chini, kiganja wazi sakafuni, sisogei, sisemi. Mwenye madoa alikuja akarudi akaja akarudi, akanyosha shingo mpaka nikadhani itakatika, halafu badala ya kudonoa machicha akadonoa subana niliyosahau kuivua kidoleni. Ta! Akaruka nyuma. Akarudi akadonoa tena. Nilicheka ila kimoyomoyo, mkono sikuutoa.

Mpaka leo kengele yangu ni mbuzi. Nikikuna nazi wanatoka huko waliko mbio mbawa zimefunguka kama watoto wametoka shule, hata nikiwa sipiki wali wa nazi inabidi nikwangue kifuu kitupu kuwaita. Na mchwa, ukipata kipande cha kichuguu kikavunjie mbele yao, utapendwa kuliko unavyostahili.

Kingine, wanakujua ulivyo. Nilivaa dera jipya lenye maua makubwa ya njano, wakanikimbia kama hawajawahi kuniona, nikaenda kubadilisha nguo wakarudi. Kwa hiyo siku za mwanzo vaa kile kile, na watoto waambiwe hakuna kukimbiza. Mtoto wa dada yangu aliharibu kazi ya siku tano kwa dakika moja.

Siku ya kufungulia usifungulie asubuhi. Fungulia jioni, kama saa moja hivi kabla giza halijaingia, tena wana njaa kidogo. Watatoka wataparua parua hapo hapo mlangoni, jua likizama wanawaza kulala, wanarudi wenyewe, unawatupia mtama ndani unafunga. Kesho unaongeza muda. Mi siku ya kwanza kufungulia nilisimama nimeshika mlango mkono unatetemeka, jirani yangu yule yule (tushapatana, nilimpelekea dishi la ming'oko na mafuta) kakaa juu ya ukuta upande wake kama golikipa. Walirudi wote.

Wawili wa nyongeza nilipowaleta, mwekundu na mweupe, sikuwachanganya. Nilimweka kila mgeni mbali na wenyeji kama wiki mbili, maji mbali, vyombo mbali, kuangalia kama wamekuja na mafua au kuhara, na nilikuwa nahudumia wenyeji kwanza ndo nakwenda kwa wageni. Baada ya hapo wakae waonane kwa wavu siku kadhaa, halafu usiku mmoja unawapandisha kwenye fito wenzao wakiwa wamelala. Asubuhi watadonoana, hilo halina dawa, lazima wajue nani mkubwa, we tandaza chakula sehemu mbili ili mnyonge asife njaa. Ikitoka damu ndo mtoe, kuku wakiona damu hawaachi.

Niseme na vitu vilivyonitoa roho bure ili mwenzangu asihangaike. Siku moja nakuta mwenye madoa kalala ubavu kwenye majivu ya jikoni, mguu mmoja juu, jicho limefumba, anatetemeka, nikajua ndo ule ugonjwa unaomaliza kuku, nikapiga kelele kideri kideri! Anaoga. Kuku anaoga vumbi, ndo anavyojisafisha na kujitoa chawa na utitiri, we muwekee mchanga mkavu na majivu mahali pasiponyesha. Siku nyingine mwekundu nikipita karibu anachuchumaa, anatandaza mbawa, hatoki, nikasema huyu kalegea anaumwa. Mama mmoja mteja wangu akaniambia we fundi huyo yuko tayari kutaga, anakuona wewe jogoo. Baada ya siku tatu yai. Lakini uzi haukuwa mchezo. Kuku wangu walishazoea kuja chini ya cherehani, nikakuta mweupe ana uzi unaning'inia mdomoni kama sharubu, kumeza kameza nusu, nikataka kuuvuta, nikazuiwa, ukivuta unaweza kumchana ndani. Tulikata ule unaoonekana tukasubiri na dua, akapona, ila sakafu yangu sasa naifagia kuliko msikiti. Nyuzi zinajifunga hata vidoleni mwao.

Na karanga au mahindi yaliyoota ukungu ambayo mtu anasema chukua kawape kuku, usiwape, ile sumukuvu, sumu ya huo ukungu, inaweza kuua kuku na hata wewe mwenye kuku ukiyala. Msimu wa kupuliza dawa mikorosho pia waangalie wanakokwenda.

Hapa sasa naomba niwaombe na nyie, Mhariri. Kideri, wengine mnaita mdondo, hakina tiba, kikiingia mtaani asubuhi una kuku jioni una manyoya, shingo imepinda, anaharisha kijani, basi. Kinga ni chanjo ya matone, tone moja jichoni, na inarudiwa kila miezi mitatu, na anachanjwa kuku mzima sio anayeumwa. Tatizo kichupa kimoja ni cha kuku wengi, mwenye kuku wanne akienda dukani anaambiwa nunua chote au acha, na ukishakifungua huwezi kukiweka kabatini mpaka miezi mitatu ijayo. Nilipouliza duka moja la dawa za mifugo wanikadirie kidogo, muuzaji akaniuliza kama hao ni kuku au ni mapambo. Nikanyamaza nikatoka. Tulichofanya tulijikusanya nyumba saba, tukachangishana, tukamwomba mtaalamu wa mifugo aje Jumamosi alfajiri kabla hatujafungulia, kila mtu kashika wake kwapani kwenye foleni utadhani kliniki ya watoto, tukamaliza kabla chai haijapoa. Andikeni hilo, watu wajue wanaweza kujikusanya. Mia tano tutafika Mungu akipenda, ila tufundisheni na wanne.

Swali langu kwa wasomaji wanaojua: huyu mweupe toka kisa cha uzi hataki kushikwa kabisa, anakuja mpaka mguuni, anakula mkononi, lakini ukigusa mgongo anaruka. Nimejaribu usiku, nimejaribu mchwa. Mwenye uzoefu aniandikie hapa hapa gazetini.

Naishia hapa kwa sababu kashalala kwenye pedali ya cherehani na nina sare mbili za kumaliza kabla ya magharibi, ngoja nikachukue mbuzi nimtoe.

Fundi wa kuku wanne,
Mikindani, Mtwara